MZABIBU WA PIEMONTE: MMEA MMOJA KATIKA MASHAMBA ELFU

Utangulizi

Kaskazini-magharibi ya Italia, mahali nchi hiyo inapopakana na Ufaransa na Uswisi, pana mkoa uitwao Piemonte. Maana ya jina hilo ni "miguuni pa milima", nalo lausadifu mkoa wenyewe, kwani milima ya Alpi imeuzingira upande wa magharibi na wa kaskazini, na milima ya Apenini imeukinga upande wa kusini. Mji wake mkuu ni Torino, unaojulikana sana kwa viwanda vya magari. Lakini katika vilima vya kusini, vinavyozunguka miji ya Alba na Asti, kazi iliyotangulia viwanda kwa karne nyingi ni kilimo cha mizabibu. Mwaka 2014 Shirika la UNESCO liliyaingiza mashamba ya vilima hivyo, yaani Langhe, Roero na Monferrato, katika orodha ya urithi wa dunia.

Aina ya zabibu iliyoupatia mkoa huo sifa kubwa kuliko zote inaitwa Nebbiolo. Hati za karne ya 13 kutoka Rivoli, karibu na Torino, zinaitaja divai ya jina hilo. Hapa pana swali linalomfaa kila mwanafunzi wa baiolojia. Watoto wa binadamu, ndama wa ng'ombe na hata mahindi ya shamba moja hutofautiana na wazazi wao. Yawezekanaje basi mzabibu ubaki vile vile kwa miaka zaidi ya 700?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Shabaha yake si kusifu kileo, bali kueleza jinsi mimea inavyorithi tabia, na kuonyesha kwamba jambo lile lile linalozipa zabibu za Piemonte sifa yake ndilo linaloziweka hatarini.

Nchi na hali ya hewa

Piemonte iko karibu na nyuzi 45 kaskazini ya Ikweta. Majira ya baridi huko ni makali, na theluji huanguka. Mizabibu hupukutisha majani yote na kulala, kisha huchipua tena mwezi Machi au Aprili. Matunda hukua wakati wa joto na kuiva kati ya Septemba na Oktoba. Wakati huo wa mavuno ukungu mzito hujaa mabondeni kila asubuhi. Kwa Kiitaliano ukungu huitwa nebbia, na wengi husema kwamba jina la Nebbiolo limetokana na neno hilo.

Vilima vya Langhe vilikuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa sababu hiyo udongo wake ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa nyingi. Mwanafunzi alikumbuke jambo hili la chokaa, maana litakuwa na kazi yake baadaye.

Katika mteremko mmoja mkulima hupanda aina mbalimbali kwa mpango maalumu. Sehemu inayoelekea kusini, ipatayo jua la siku nzima, huwekewa Nebbiolo, kwa kuwa aina hiyo huchipua mapema na kuiva mwisho. Sehemu zenye baridi zaidi hupewa aina ziivazo haraka. Mpango huo haukubuniwa katika maabara. Ulitokana na uzoefu wa vizazi vingi vya wakulima.

Aina nne na tabia zake

Tunda la zabibu lina mambo matatu yanayofaa kuchunguzwa, nayo ni sukari, asidi na tanini. Sukari ndiyo igeukayo kuwa kileo. Asidi huleta ukali kama ule wa ndimu au ukwaju. Tanini, ipatikanayo katika maganda na kokwa, huleta ukakasi mdomoni, kama ule wa ndizi mbichi au wa majani ya chai yaliyochemshwa mno. Aina za zabibu hutofautiana hasa kwa vipimo vya mambo hayo.

(a) Nebbiolo. Ina asidi nyingi na tanini nyingi, ingawa rangi yake si nzito. Divai ya Barolo na ile ya Barbaresco hutengenezwa kwa zabibu hii peke yake. Kwa kuwa ukakasi wake ni mkali, divai changa hainyweki kwa urahisi. Ikikaa, chembe za tanini huungana polepole na ukakasi hupungua. Ndiyo maana sheria inaitaka Barolo isiuzwe kabla ya kutimiza miezi 38, na miezi 18 kati ya hiyo iwe katika mapipa ya mti. Barolo hutoka katika eneo la vijiji 11 tu. Mwaka 1980 Barolo na Barbaresco zilikuwa miongoni mwa divai za kwanza za Italia kupewa daraja la juu kabisa la uthibitisho wa asili.

(b) Barbera. Ina asidi nyingi na rangi nzito, lakini tanini yake ni kidogo. Ndiyo zabibu nyekundu inayolimwa zaidi kuliko zote mkoani, na kwa muda mrefu divai yake ilikuwa kinywaji cha kila siku cha watu wa kawaida.

(c) Dolcetto. Jina lake linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya "tamu", lakini divai yake si tamu. Asidi yake ni kidogo, nayo huiva wiki kadhaa kabla ya Nebbiolo.

(d) Moscato. Hii ni zabibu nyeupe yenye harufu nzuri kama ya maua. Hutoa divai tamu yenye povu, ijulikanayo kwa jina la mji wa Asti.

Sukari inavyokuwa kileo

Zabibu zikipondwa, hamira huanza kuila sukari iliyomo. Hamira ni kuvu mdogo sana, mwenye seli moja tu. Kwa msaada wa vimeng'enya vyake, sukari hugawanyika kama ifuatavyo:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa uzito, gramu 180 za sukari hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dayoksaidi. Lakini si sukari yote ifuatayo njia hiyo, maana hamira hutumia sehemu ndogo kuujenga mwili wake na kutengeneza vitu vingine kama gliserini. Kwa vitendo, watengenezaji hukadiria kwamba gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia moja ya kileo. Basi Nebbiolo iliyoiva vizuri, yenye gramu 230 kwa lita, hutoa divai yenye kileo cha asilimia 13.5 hivi.

Katika Moscato mambo huwa tofauti. Tuseme maji yake yana gramu 200 za sukari kwa lita. Kileo kinapofika asilimia 5 mtengenezaji huyapoza maji hayo hadi karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, kisha huichuja hamira yote. Gramu 85 zimekwisha kuliwa na gramu 115 zimebaki. Hivyo utamu wa divai hiyo ni sukari ya zabibu yenyewe, wala haikutiwa kutoka nje. Povu nalo ni kaboni dayoksaidi iliyozuiwa isitoke kwa kuchachusha ndani ya tangi lililozibwa. Mtu aliyeianzisha njia ya tangi ni Federico Martinotti, mkuu wa kituo cha utafiti wa divai mjini Asti, aliyepata hataza yake mwaka 1895.

Yafaa kutaja hatari moja. Lita moja ya maji ya zabibu yenye gramu 230 za sukari hutoa karibu lita 60 za kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya chini ya ghala na ndani ya matangi, wala haina rangi wala harufu. Mtu akiingia bila kupitisha hewa safi kwanza aweza kuzimia na kufa.

Kwa nini kokwa hazipandwi

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa mzabibu methali hiyo ni kweli nusu tu. Kokwa ya Nebbiolo itaota mzabibu bila shaka, lakini mzabibu huo hautakuwa Nebbiolo.

Sababu yake ni hii. Kila seli ya mzabibu wa kawaida ina kromosomu 38, yaani jozi 19. Katika kila jozi kromosomu moja ilitoka kwa mzazi wa kike na nyingine kwa mzazi wa kiume, na mara nyingi jeni zake hazifanani. Ua linapotengeneza mbelewele au yai, jozi hizo hutengana na jeni huchanganywa upya, kama karata zinavyochanganywa kabla ya kugawiwa. Hakuna kokwa mbili zipatazo mgawo mmoja. Mmea uotao waweza kuwa na matunda makali, au machache, au yasiyo na harufu yoyote.

Mkulima alilitambua jambo hilo zamani, kabla neno jeni halijabuniwa. Kwa hiyo hapandi kokwa. Wakati wa kupogoa hukata kipande cha tawi chenye macho machache na kukichomeka ardhini. Seli za tawi hilo hugawanyika kwa njia ya kawaida, na kila seli mpya hupata nakala kamili ya jeni zote. Mmea mpya ni mmea ule ule wa zamani uliohamishwa. Mimea ya namna hiyo, yote ikiwa na asili moja na jeni zile zile, huitwa kloni.

Jibu la swali letu basi ni kwamba Nebbiolo zote za leo ni vipande vya mzabibu mmoja ulioota kutokana na kokwa moja, siku isiyojulikana. Mabadiliko madogo hutokea mara kwa mara katika jeni za tawi hili au lile, lakini hayaifanyi iwe aina nyingine.

Majina hudanganya, jeni hazidanganyi

Kipandikizi hubebeka kwa urahisi, nacho kifikapo ugenini mara nyingi hupewa jina jipya. Kaskazini mwa Piemonte Nebbiolo huitwa Spanna, na katika bonde la Valtellina, mkoa wa Lombardia, huitwa Chiavennasca. Ni mmea mmoja wenye majina matatu. Mambo huweza pia kuwa kinyume, yaani mimea miwili ikaitwa kwa jina moja.

Mfano maarufu ni ule wa Giovanni Dalmasso, mtaalamu wa mizabibu. Mwaka 1938 alichukua mbelewele na maua ya aina mbili akazichanganya, ili apate mmea wenye nguvu ya Barbera na sifa za Nebbiolo. Mmoja wa watoto waliopatikana aliitwa Albarossa, naye analimwa Piemonte hata leo. Lakini wataalamu walipopima DNA miaka mingi baadaye, waligundua kwamba "Nebbiolo ya Dronero" aliyoitumia Dalmasso haikuwa Nebbiolo hata kidogo. Ilikuwa aina nyingine, iitwayo Chatus, ijulikanayo pia Ufaransa. Umbo la jani na jina la mtaani vilimpoteza mtaalamu hodari. Tangu hapo kipimo cha DNA kimekuwa ndicho mwamuzi wa mashauri ya namna hiyo.

Mdudu kutoka Amerika

Mimea yote ya kloni moja ina nguvu moja na udhaifu mmoja. Ugonjwa uwezao kuuua mmoja waweza kuua yote. Ulaya ililijua jambo hili kwa uchungu katika karne ya 19.

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kukauka bila sababu iliyojulikana. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon na wenzake walichimbua mizizi ya mizabibu iliyo hai lakini dhaifu, wakakuta wadudu wadogo wa rangi ya njano wakifyonza utomvu. Ni mdudu aitwaye filoksera, wa jamii iliyo karibu na vidukari, aliyeletwa na miche kutoka Amerika ya Kaskazini. Anapotoboa mzizi huacha uvimbe na jeraha, na kuvu huingia na kuuozesha. Italia ilimgundua mwaka 1879 katika Lombardia, na Piemonte haikuepuka.

Dawa nyingi zilijaribiwa, lakini wokovu ulitoka kule kule alikotoka adui. Mizabibu ya mwitu ya Amerika ilikuwa imeishi na mdudu huyo kwa maelfu ya miaka. Ile isiyostahimili ilikufa, na ile iliyoweza kuziba majeraha ya mizizi kwa tabaka gumu ilibaki ikazaa. Wataalamu walichukua mizizi ya Amerika na kuibebesha matawi ya Ulaya. Tawi na shina vikikatwa vizuri na kufungwa pamoja, tabaka za kambiamu hugusana, na baada ya wiki chache mmea huwa mmoja. Chini ni Mmarekani, juu ni Nebbiolo. Jeni za shina hazipandi juu kuingia katika tunda, kwa hiyo zabibu hubaki zile zile.

Hapa ndipo chokaa ilipoleta taabu. Baadhi ya mashina ya Amerika yalipopandwa katika udongo wa chokaa, majani yaligeuka manjano, kwa kuwa mizizi ilishindwa kupata madini ya chuma. Mwaka 1887 Pierre Viala alitumwa kutoka Ufaransa kwenda Marekani kutafuta mizabibu iotayo katika chokaa, na huko Texas alisaidiwa na T. V. Munson. Walichokipata ni mzabibu wa mwitu uitwao Vitis berlandieri. Kwa kuuchanganya na aina nyingine yalipatikana mashina yanayostahimili mdudu na chokaa pamoja, na mashina ya namna hiyo ndiyo yanayotumika hata leo katika vilima vya Langhe.

Adui wa siku hizi

Filoksera hajafa. Amezuiwa tu, na kila mzabibu mpya lazima ubebeshwe. Zaidi ya hayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Piemonte imekabiliwa na ugonjwa mwingine mkubwa, uitwao flavescence dorée. Kisababishi chake ni fitoplazma, yaani bakteria asiye na ukuta wa seli, aishiye katika mirija ipitishayo chakula cha mmea. Huenezwa na mdudu mdogo mwenye kurukaruka, Scaphoideus titanus, ambaye naye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Majani hujikunja na kugeuka manjano au mekundu, matawi hayakomai, na vichala hunyauka.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya mmea shambani. Kinga ni kumuua mdudu, kung'oa mizabibu yenye dalili, na kupanda miche safi tu. Mwaka 2000 serikali ya Italia ilitoa amri inayowalazimu wakulima kupambana nao. Miche inayotiliwa shaka hutumbukizwa katika maji ya joto la nyuzi 50 kwa dakika 45. Joto hilo laua fitoplazma bali lauacha mche hai. Jambo la kuzingatia ni kwamba Barbera, zabibu iliyoenea kuliko zote, ndiyo mojawapo ya aina zinazoshambuliwa vibaya zaidi. Mashamba yake yote yana udhaifu mmoja kwa kuwa yote ni mmea mmoja.

Joto la dunia nalo linaongezeka. Zabibu huiva mapema kuliko zamani, zikiwa na sukari zaidi na asidi pungufu. Mmea uzaao kwa mbegu hutoa watoto mbalimbali, na wafaao hubaki. Kloni hainufaiki na uteuzi huo, bali humngoja mwanadamu aisaidie. Ndiyo maana watafiti wa Piemonte hutunza mashamba ya hifadhi yenye aina nyingi zilizosahauliwa, ili jeni zake zisipotee.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Mkulima wa Dodoma ni ndugu wa kazi wa mkulima wa Alba. Yeye pia hupanda vipande vya matawi, ila kwa kuwa Dodoma haina majira ya theluji, mizabibu yake haipumzishwi na baridi. Hupumzishwa na kuamshwa kwa kupogolewa, na hivyo huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Lakini funzo hili ni pana kuliko zabibu. Mihogo hupandwa kwa pingili, viazi vitamu kwa marando, migomba kwa machipukizi, na miwa kwa vipande. Yote ni kloni. Ugonjwa wa batobato ulipoangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, virusi vilisafiri pia ndani ya pingili ambazo jirani alimpa jirani kwa nia njema. Mnyauko wa migomba, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na kufika mkoa wa Kagera mwaka 2006, huenezwa na wadudu, mapanga yasiyosafishwa, na machipukizi yenye ugonjwa. Anayehamisha kipandikizi huhamisha mmea pamoja na maradhi yake. Kwa hiyo kanuni za Piemonte zafaa hapa pia: kupata vipando kutoka shamba lililokaguliwa, kupanda aina zaidi ya moja, na kutozitupa aina za kienyeji hata kama mavuno yake ni madogo, maana huenda ndani yake mna kinga itakayohitajika kesho.

Zoezi la shuleni

Darasa lipande marando 10 kutoka mmea mmoja wa kiazi kitamu, na mbegu 10 kutoka papai moja, katika bustani ya shule. Umbo la majani na rangi ya mashina viandikwe kila mwezi. Mipapai itakapotoa maua, wanafunzi wahesabu mingapi ni dume na mingapi ni jike, kisha walinganishe na viazi na kueleza sababu ya tofauti.

Maswali

1. Eleza kwa nini mkulima wa Piemonte hapandi kokwa za Nebbiolo.
2. Maji ya zabibu yana gramu 204 za sukari kwa lita. Kileo kitakuwa asilimia ngapi ikiwa sukari yote itachachuka? Ikiwa uchachukaji utasimamishwa kileo kikifika asilimia 6, zitabaki gramu ngapi za sukari?
3. Tawi la Barbera limebebeshwa juu ya shina la Amerika. Kokwa za matunda yake zitakuwa na jeni za nani? Toa sababu.
4. Kwa nini mizabibu ya mwitu ya Amerika ilistahimili filoksera, ilhali ile ya Ulaya ilishindwa?
5. Taja mazao mawili ya kwenu yapandwayo bila mbegu. Kwa kila zao, eleza faida moja na hatari moja ya njia hiyo.